Fundi Taratibu na Choo Kilichoyumba

Mtaani kwetu fundi bomba huyu huitwa Taratibu. Waliompa jina hilo walikusudia kumkejeli. Yeye amelipokea kama cheo. Afikapo kazini hutandaza kitambaa sakafuni, hupanga spana zake kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha hukitazama kilichoharibika kwa muda ambao fundi mwingine angekuwa ameshamaliza na kwenda zake.

Tulimwita baada ya bibi yangu kuanguka. Choo chake cha kukaa kiliyumba kikamtupa ukutani. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo alikiogopa, na ili asikiendee mara kwa mara aliacha kunywa maji. Midomo ilimkauka, kichwa kikawa kinamgonga mchana kutwa. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, akatoa kauli: choo kisipotulia kufikia Jumapili, bibi atahamia kwake, ghorofa ya nne. Bibi, aliyeishi nyumba hii miaka arobaini, aligeukia dirishani. Na wanaomjua wanajua kwamba kugeuka huko si kukubali.

"Kimeshakazwa mara tatu," mjomba alimwambia fundi mlangoni. "Wewe kaza ya nne tu, usiniletee hadithi."

"Baba, kilichokazwa mara tatu hakijakazwa hata mara moja."

Alifunga koki, akamwaga maji ya tangi, akayakausha yaliyosalia kwa sponji. Ndipo alipoanza kubomoa saruji iliyozunguka kitako cha choo: tabaka tatu, kila moja limepakwa juu ya kosa la lililotangulia. Mimi ni mshonaji. Chuoni tulifundishwa kwamba mshono uliopinda hufumuliwa, haushonewi juu. Lakini sikuwa nimepata kumwona mtu akifumua choo.

Alipokinyanyua, siri ikafichuka. Skrubu zilikuwa fupi mno. Zilishika kigae na lipu ya juu tu; zege la chini hazikulifikia, zililisikia kwa jirani. Aliyatoboa matundu yale yale kwenda chini zaidi, akayapuliza vumbi, akaingiza vishikio vipya vya plastiki vya kuzibana skrubu. Akakirudisha choo mahali pake, akaweka pimamaji juu yake, akatia vipande vyembamba vya plastiki upande uliolala. Kisha akakaza skrubu ndefu kama kidole: robo mzunguko huku, robo mzunguko kule.

"Ongeza nguvu, fundi! Hujala leo?" mjomba alimchokoza.

Taratibu alichomoa kutoka sandukuni kigae cheupe chenye ukubwa wa kiganja, kipande cha choo kilichovunjika. "Hizi ndizo nguvu zangu za ujanani. Nilikaza choo kipya cha watu mpaka kikapasuka mikononi mwangu. Tangu siku hiyo, mkono ukitaka kuongeza, nakitazama hiki kwanza. Kinanisema kuliko mke wangu."

Alipomaliza kuziba ukingo kwa saruji nyeupe, alitoa amri moja: asikikalie mtu hadi kesho adhuhuri. Bibi angetumia choo cha jirani.

"Kwani choo nacho hulala?" mjomba aliuliza.

"Hulala, baba. Ukikiamsha mapema, kinaamka na kinyongo."

Bibi alicheka akiwa ukumbini. Juma zima hatukuwa tumeisikia sauti hiyo.

Kesho yake, Jumamosi, Taratibu alirudi bila kuitwa. Alifunika choo, akakaa mwenyewe mbele yetu sote, akaegemea kulia, akaegemea kushoto, akainua miguu yote miwili, uso wake mkavu kama wa hakimu. Mjomba aligeuka pembeni kuficha kicheko.

"Mama, zamu yako," fundi alimwambia bibi.

Bibi aliingia akiwa ameshika ukuta. Alikaa juu ya kifuniko taratibu, akaegemea kidogo, kisha akaegemea kwa nguvu kama mtu anayelipiza kisasi. Choo hakikusogea hata unywele. Akauachia ukuta.

"Mjukuu wangu, niletee maji. Kikombe kile kikubwa."

Aliyanywa yote pale pale, bila kupumzika, macho yake kwa mwanawe. Aliponirudishia kikombe, alisema, "Nijazie tena. Na wewe mwanangu, ghorofani kwako nitakuja kukusalimia. Sasa tokeni nje, mnifungie mlango."

Mjomba ndiye aliyeufunga. Ukumbini, Taratibu alikuwa akifuta spana zake moja moja, kuanzia kubwa hadi ndogo.