Sweta Lililoshika Zamu

Saa saba na robo mchana nesi anafungua daftari la ripoti, anasoma alichokiandika mwenyewe asubuhi, kisha anatia sahihi mbili: moja ya aliyekabidhi zamu, nyingine ya aliyepokea. Zote ni zake.

"Nimejikabidhi salama," anasema. Anafunika daftari.

Wodi hii ya wazazi ina vitanda ishirini na viwili. Chumba cha kujifungulia kiko mwisho wa korido, mlango wa nne kutoka hapa. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili, hata awe na mbio za swala, na mama huyu ana miaka hamsini na tisa na goti linalomsumbua. Baada ya wiki kumi na moja anastaafu. Atakayempokea hajulikani, maana hayupo.

Walikuwa wauguzi saba. Wawili walistaafu, mmoja akafariki, mmoja akamfuata mumewe, mwingine akapata kazi ng'ambo. Kila alipoondoka mtu, hospitali iliandika kuomba wa kuziba pengo, na kila mara ikajibiwa kwa waraka ule ule wa mistari mitatu. Bado umebandikwa ubaoni, umekuwa na rangi ya chai: ajira zote mpya zimesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Huu ni mwaka wa tano na hakuna aliyetangaza chochote.

Wamebaki wawili. Mwenzake hushika usiku, yeye hushika asubuhi na mchana. "Hapa mtu hata kupiga chafya anaomba ruhusa," anatania, huku akihesabu vidonge.

Shida ilimfundisha ujanja. Kila alipokwenda kuzalisha, alitundika sweta lake la buluu kwenye kiti cha meza ya nesi, kando ya pazia. Mgonjwa akifumbua macho akaliona, moyo ulitulia: nesi hayuko mbali. Mezani aliacha kengele ya baiskeli. Ndugu wa mgonjwa akiona jambo, aipige.

Wagonjwa wakalibatiza sweta hilo jina la Nesi Sweta. Kuna waliokuja kuwaona ndugu zao wakaliamkia sweta, "Shikamoo nesi," na kusimama wakisubiri marahaba. Wodi nzima ilicheka, hata waliopasuliwa, mpaka wakashika mishono yao kwa maumivu.

Sasa hakuna anayecheka. Leo kwenye benchi la korido ameketi mama mzee aliyempakata mtoto wa miezi tisa, amemleta kuchanjwa surua. Ni mjukuu wake. Mama wa mtoto alifia humu ndani, kitanda cha kumi na nne.

"Alikuwa kitinda mimba wangu," anasimulia mama mzee. "Alijifungua salama asubuhi. Mchana akaniambia, mama, nasikia baridi. Nikamfunika. Akaniambia tena. Nikatazama kule mezani, nikamwona nesi amekaa."

Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho. Alichokiona ni sweta.

"Nikajisemea, maskini, tangu asubuhi hajaketi. Leo kapata kupumzisha miguu, nisimsumbue. Ananiona. Akiona kuna neno, atakuja mwenyewe."

Ni adabu tu iliyomzuia. Alingoja karibu nusu saa na kengele iko hatua sita kutoka alipokaa, na chini ya blanketi alilomfunika mwanawe damu ikawa inatoka. Nesi alikuwa mwisho wa korido, akihangaika na mtoto aliyetanguliza matako.

"Nilipoingia wodini kwa mlango huu," anasema nesi, amesimama kando ya benchi, "huyu mama alinitazama mimi, akatazama kiti, akanitazama tena. Akaniuliza, kumbe hukuwa pale? Swali hilo nalala nalo, naamka nalo, lipo tu."

Walimkimbiza, walimwita daktari, walimwongezea damu chupa moja iliyokuwepo. Jua lilizama hayupo tena.

Uchunguzi uliandika chanzo kuwa upungufu wa watumishi, na hakuna aliyemshtaki. "Wangenishtaki ingekuwa nafuu," anasema. "Upungufu ni kweli. Lakini sweta nililitundika mimi."

"Mwanangu, usijitwike," mama mzee anamkatiza. "Mimi ndiye niliyekaa kimya."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Wanawake hawa wamekwisha kuambizana maneno haya mara nyingi, unasikia hivyo katika sauti zao. Mama mzee anampokeza nesi mtoto. Nesi anamchanja, anambembeleza, anamweka begani muda mrefu kuliko chanjo inavyohitaji. Mtoto anavuta skafu ya nesi na kucheka, hajui lolote.

Kinachomkera zaidi nesi kiko nyumbani kwake. Binti yake alihitimu uuguzi miaka minne iliyopita, na cheti kimetundikwa sebuleni. Barua za maombi zimejaa kwenye mfuko wa plastiki. Siku hizi anasuka nywele kwenye kibanda karibu na soko.

"Nilifundishwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga," anasema binti huyo bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. "Mama akistaafu tutakaa wauguzi wawili sebuleni, tunatazamana, na huko wodini hakuna hata mmoja."

Tangu msiba ule, kiti cha nesi hakina kitu. Kila mgonjwa mpya na ndugu yake husikia maneno yale yale: "Kiti kikiwa kitupu, mimi sipo. Piga kengele. Usinionee huruma, usione haya, piga." Wanapiga, wakati mwingine kwa sababu ya inzi tu, naye huja anachechemea na kuwashukuru.

Sweta amelifua na kulikunja, liko kwenye droo ya chumba cha dawa, chini ya daftari la ripoti. Anasema hataki sherehe ya kuagwa, wala zawadi. Anachoomba ni siku moja ya kutembea na muuguzi mpya kitanda hadi kitanda, amwambie huyu ana presha, huyu mshono wake haujakauka. Kisha amvalishe sweta hilo mabegani.

"Awe binti yangu, awe wa mwenzangu, nitamshukuru Mungu. Siku hiyo ya mwisho nitatia sahihi moja tu, ya aliyekabidhi. Ile ya pili nitamwachia mwenyewe."

Na asipokuja mtu?

Kengele inalia kutoka wodini. Nesi anafunga droo na kuinuka, mkono kwenye goti.

"Basi waione hiyo nafasi ilivyo tupu," anasema, tayari akiwa mlangoni. "Mimi siizibi tena kwa sweta."