Kengele ya Jaruba

Kila mgongo unapochoka kuinamia simu mbovu za watu, na moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya ukanipanda puani, najikuta tena kwenye lile ghala kuukuu la mpunga, kule deltani, tulikofundishwa mambo ya saketi za umeme. Mwalimu wetu, dada aliyekuja kwa boti, alitugawia vikompyuta vidogo kama kiberiti.

"Hiki hakijui kitu," alisema. "Kinajua ulichokiambia tu."

Mimi nilikiambia maji. Nikachomelea nyaya mbili na kengele ndogo, ili maji yakizigusa nyaya kengele ilie. Mvua zilikuwa zimechelewa, mpunga umenyauka, na mama aliungoja mto ujae kama mgeni aliyekawia. Kila alfajiri alikwenda kuangalia. Nikazichomeka nyaya kwenye jaruba letu, nikamwambia kengele itamwita.

"Haya," alisema, "na mie leo nilale."

Kulipopambazuka ililia. Nilikimbia nikipiga kelele, "Mama, maji! Maji yamekuja!" Yalikuwa yamejaa jaruba zima, yanameremeta. Mama alikuja taratibu, kanga begani. Alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi," alisema.

Bahari ndiyo iliyokuwa imepanda; maji ya mto yalikuwa bado hayajateremka kutoka bara. Mama akakaa palepale kwenye tuta, miguu ndani ya maji, akiutazama mpunga wake. Kengele iliendelea kulia, safi kabisa, kama tulivyofundishwa.

"Izime, mwanangu," alisema. "Tumeshasikia."