Layini Niliyomjengea Mama

Mama alikuwa anagonga ukuta. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alikaa ukingoni mwa kitanda, akagonga kwa vifundo vya vidole, akauliza: "Wewe iko?" Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na mtu. Palikuwa na migomba, mfereji wa maji ya mvua, na mlima wa Wanale umetusimamia. Atagonga, atasikiliza, atagonga tena. Mimi niko chumba cha pili, nimejifunika blanketi hadi kichwani, nasaga meno. Nilimpenda mama yangu, lakini mlio ule, wallahi, niliuchukia kuliko njaa.

Nikueleze layini, maana bila layini huwezi kumwelewa mama. Jinja tulikaa kambini, baba akiwa afande wa magereza. Nyumba za askari zilikuwa zimeshikana bega kwa bega, safu moja ndefu chini ya paa moja la mabati, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Safu hiyo ndiyo tuliyoiita layini. Chini ukuta ulipakwa lami nyeusi hadi magotini, juu chokaa, na milango yote ilikuwa ya kijani. Kuta za ndani hazikufika kwenye mabati. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Ukikaanga samaki, watoto wa layini nzima wanakumbuka kwamba wana salamu za kukuletea.

Nyumba yetu ilikuwa katikati. Mama alitoka Lira. Jirani yake, wa ule ukuta wa kitandani, alikuwa mke wa koplo, alitoka Soroti. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo ila Kiswahili cha kambi, kile cha kukatakata, ambacho mjini ukikisema dukani watu wananyamaza na kutazama mikono yako, wanadhani wewe ni askari umekuja kuwapora. Kwa hicho hicho wanawake wale wawili waliazimana chumvi, walizalishana, waligombana na kupatana. Asubuhi mama anagonga: "Wewe iko?" Naye anajibu kwa kugonga: "Mimi iko!" Basi, siku imeanza. Na sheria yao ilikuwa moja: ukuta ukinyamaza, unakwenda mbio. Alfajiri baba alipofariki kitandani, ghafla, mama hakugonga, na mke wa koplo alikuwa ndani ya nyumba yetu kabla hatujakumbuka kulia.

Kambi zote desturi ni ile ile. Mwenye kazi akifa, nyumba inarudi kwa mwenye kazi mwingine. Tulipewa muda, tukafunga vitu, tukaja Mbale, kwenye kipande cha ardhi cha baba kule Wanale, ndani ya nyumba ya vyumba viwili iliyosimama peke yake kama mtu aliyefukuzwa harusini. Ndugu za baba hawakuwa wabaya. Walileta matooke, walileta malewa, yale machipukizi ya mianzi. Lakini walimwita "mke wa askari", na mama akijaribu Kimasaba, lugha yao, watoto walicheka hadi wanakaa chini. Akaacha kujaribu. Akaacha na kula, kidogo kidogo. Leo hataki chai, kesho hataki mchicha. Kwenye zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Hana ugonjwa! Mtu anayeyuka mbele yenu kama sabuni ndani ya beseni, mnasema hana ugonjwa.

Utaniuliza kwa nini sikumtafuta huyo jirani. Nilimtafuta. Nilisafiri hadi Jinja, nikaambiwa koplo alihamishwa kaskazini, na kaskazini miaka ile kulikuwa kunawaka vita. Barua hazikujibiwa. Nikasimama mbele ya layini yetu. Mlangoni petu mtoto nisiyemjua alikuwa anakula muwa, akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Na kweli.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye stoo ya nafaka, upande wa viwandani, Mbale. Mwenye stoo alikuwa Hajji mmoja mpole, mzee wa Kiislamu aliyesema Kiswahili kizuri kwa sababu biashara yake ilifika Mombasa. Alinunua kompyuta kwa sababu wenzake walinunua. Mpwa wake alipokuja kutoka Nairobi alituachia diski za mchezo wa kujenga mji. Unapewa ardhi tupu, unachora barabara, unaweka umeme na mabomba, halafu nyumba zinaota zenyewe. Kazi ikiisha Hajji aliniruhusu nicheze. Alisema afadhali hiyo kuliko kulewa waragi.

Nyumba za mchezo ule zilikuwa za Wazungu, zina vibaraza na majani yaliyokatwa. Lakini diski moja ilikuwa na programu ya kuchorea majengo yako mwenyewe. Unachora kwa vidoti, kimoja kimoja, ukisukuma mausi mezani, kisha unauambia mchezo: badala ya nyumba yako ile, weka hii yangu. Nilipogundua hilo nilikaa kitako nikatazama dari. Nitamjengea mama layini. Nilijiambia akiiona atacheka, atasema, "Aa, huyu mtoto!", na akicheka atakula. Usinicheke. Mtu anayezama hushika hata unyasi, na mimi nilikuwa nimeshika mausi.

Nikarudi Jinja kutazama vizuri. Nilikuwa nahesabu mabati kwa kidole, midomo inachezacheza, askari wa zamu akanijia.

"Wewe! Napima nini hapa?"

"Afande, nilizaliwa hapa. Naangalia tu nyumba yetu."

"Nyumba yako iko wapi? Hii ya serikali. Toka!"

Nikatoka. Ningemjibu nini? Kwamba naichora niiweke ndani ya kompyuta? Angenifunga, na angekuwa na haki. Nilitembea mpaka stendi nikirudia rudia kimoyomoyo: lami, chokaa, kijani, kutu. Lami, chokaa, kijani, kutu.

Kazi ile ilinila. Rangi ya mabati yetu haikuwepo. Kulikuwa na kahawia ya chokoleti na nyekundu ya vigae, lakini ile ya kutu, ya mabati yaliyopigwa na mvua za ziwa miaka mingi, hakuna. Nikachanganya kidoti cha hii na kidoti cha ile hadi macho yakatoka machozi. Umeme wa Mbale nao, mnaujua. Unachora mlango, unamalizia kitasa, pu! Giza. Kesho unaanza mlango ule ule.

Halafu mchezo una roho mbaya. Ukizichora nyumba moja moja, unaacha ukanda wa majani kati ya hii na hii. Layini gani hiyo yenye nafasi katikati? Ikabidi nichore safu nzima kama jengo moja. Na jengo moja lina mwisho wake, halivuki mraba uliopewa. Milango yote ya layini yetu haikuingia. Nilipunguza upana wa milango, nikapunguza tena hadi haikufanana na milango. Mwisho nikakubali kukata. Baadhi ya majirani wabaki nje.

Na mji wenyewe! Mara ya kwanza nilipoiweka layini, nikaifurahia, nikaenda kunywa maji. Kurudi nikakuta imebomolewa, pamesimama ghorofa. Kumbe mchezo ukiona mahali pamependeza unaondoa wenyewe nyumba za maskini, bila kukuuliza. Nililia, mtu mzima, stoo imejaa magunia ya mahindi. Siku iliyofuata nikajenga jalala la taka karibu na layini, na kiwanda cha moshi upande wa pili, ili mahali pachukize. Hapo ikadumu. Ili mama yangu akae, ilinibidi niuharibu mji.

Ijumaa moja, Hajji akiwa msikitini, nilimleta mama stoo. Alivaa gomesi yake ya kanisani, imemning'inia mabegani utafikiri aliazima. Hajji aliporudi alimkuta kwenye benchi, akamwambia, "Karibu, mama, karibu sana. Mwanao amefanya kazi kubwa, mimi mwenyewe nimeiona." Akamwagizia chai ya maziwa. Mama alishika kikombe, hakunywa.

Nikawasha. Nilisali moyoni umeme usikatike, na kwa mara moja katika maisha yangu haukukatika. Layini ikatokea. Lami chini, chokaa juu, milango ya kijani, kutu juu ya paa. Hata bomba la uani nililiweka.

Mama akasogea. Akasogea tena, pua karibu na kioo. Nikasikia anavuta pumzi.

"Layini," akasema.

"Ndiyo, mama. Layini yetu."

"Lami hii. Tulikuwa tunapaka mkubwa akija kukagua." Akatabasamu. Alitabasamu, jamani, niliyaona meno yake! Hajji naye aliona, akaanza kusema alhamdulillahi. "Na ya kwetu iko wapi?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilijua katikati ya safu itampotea. Basi nilipokata layini, niliikata ili nyumba yetu ije mwisho, kwenye kona, mahali ambapo mchezo unaonyesha mlango na ukuta wa ubavuni pia. Ule ukuta niliupamba kuliko yote. Niliuchorea hadi ufa uliokuwa juu ya kitanda chake.

"Hii hapa, mama. Ya mwisho. Ona, hata ufa nimeuweka."

Mama aliutazama ule ukuta muda mrefu. Akanyoosha mkono, akagonga kioo kwa vifundo vya vidole, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto wa watu. Akasubiri. Karani mwenzangu, aliyekuja kuchungulia mlangoni, akageuza uso. Kisha mama akaweka kidole pembeni ya ukuta, pale nilipoweka majani ya kijani kibichi, karibu na jalala.

"Na huyu wa hapa? Mke wa koplo?"

"Hakuingia, mama. Nafasi haikutosha. Mchezo huu una mpaka wake, lakini naweza..."

"Hapa iko majani tu."

"Naweza kuchora upya, mama. Wiki hii hii nitachora. Nitatoa wale wa upande wa pili."

Hakunisikia. Kidole chake kilikuwa bado pale pale. "Kumbe," akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyepewa jibu alilolingoja. "Ndiyo maana hajibu."

Tabasamu likaondoka nikilitazama. Hajji akasema chai inapoa, mama, kunywa kidogo. Mama akashukuru, akakirudisha kikombe mezani kimejaa vile vile, akasimama.

Siku nyingi tangu hapo nimemtukana aliyeutengeneza mchezo ule, nimeutukana mraba, nimeitukana kompyuta ya Hajji na mpwa wake wa Nairobi. Haisaidii. Katika kuta zote za layini ile, ule mmoja ndio uliokuwa na mtu, nami ndiye niliyeuelekeza nje, kwenye majani. Na niliupaka chokaa vizuri kuliko zote.

Asubuhi iliyofuata niliamka mwenyewe. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye migomba, jua limeshapanda juu ya Wanale. Nilikaa nikingoja ule mlio nilioombea ukome. Haukuja. Kule kambini tulifundishwa tangu utotoni, ukuta ukinyamaza unakwenda mbio, nami nilikwenda mbio, nikapiga mlango kwa bega.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho wazi, mikono mapajani, ameupa ukuta mgongo. Nikapiga magoti. Nikagonga ubao wa kitanda, mimi, kwa vifundo vya vidole vyangu.

"Mama. Wewe iko?"

Alinitazama kwa upole. Hakujibu.