Ujumbe wa Mama Mkwe

Wanafunzi walimwita Mwalimu Chanzo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimletea habari yoyote, hata ya mvua inayonyesha, atakuuliza umeitoa wapi. Alifundisha kupima habari za mtandaoni, katika chumba chenye kompyuta zinazofanya kazi siku zikijisikia. Nani kaandika? Lini? Picha imewahi kuonekana kwingine? Watoto walikolea mpaka wakaanza kuwahoji wazazi wao mezani.

Nyumbani alikuwa kero, tusifichane. Mama mkwe wake alikuwa bingwa wa kusambaza: dawa za kila ugonjwa, watoto waliopotea, mwisho wa dunia. Kila akituma kitu kwenye kundi la familia, mwalimu alimpa vidonge vyake mbele ya mashemeji wote. Mumewe, fundi wa kupiga lipu, alicheka tu.

"Mwache mama yangu, bwana. Ndivyo anavyosalimia."

"Basi aseme hujambo," mwalimu alijibu.

Asubuhi moja, akielekea darasani, alitazama simu aliyoizima sauti wakati wa kikao cha walimu. Mama mkwe alikuwa amepiga, hakumpata, akaacha ujumbe. GHOROFA LAANGUKA!!! WENGI WAFUKIWA!!! TUMA KWA WENGINE!!! Picha ya vumbi, kisha maneno yaliyokatwa na "soma zaidi". Hakusoma zaidi. Hakuna mtaa, hakuna tarehe, alama za mshangao zimejazana kama siafu, asome nini? Kwa kweli alifurahi. Mfano wa somo la leo ulikuwa umejileta wenyewe.

Akairusha picha ukutani kwa projekta, pamoja na kichwa chake cha makelele.

"Haya, wapelelezi wangu. Huu ni uzushi, katuma mama mkwe. Nithibitishieni."

Darasa likacheka, likainamia kazi. Mwalimu akapitapita kati ya viti, moyo mweupe. Muda si mrefu msichana wa nyuma, ambaye hasemi mpaka aulizwe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huu si uzushi."

"Unasemaje?"

"Picha haijawahi kuonekana kabla ya leo. Zimamoto wameiweka kwenye ukurasa wao, na redio mbili zina waandishi pale pale. Limeanguka asubuhi hii, mafundi wakiwa ndani."

Na hapa ndipo panapouma kusimulia: mwalimu aliona fahari. Mtoto amempinga kwa ushahidi. Ni nini kingine alichokuwa akikihangaikia miaka yote hiyo?

"Safi kabisa," akasema. "Mtaa gani?"

Msichana akautaja.

Mtaa huo aliujua. Akafungua simu, akabonyeza "soma zaidi". Chini ya makelele yale ya kunakili, mama mkwe alikuwa ameandika ya kwake mwenyewe:

"Mwanangu, ni pale anapopiga lipu mume wako. Nimefika, wamenizuia getini. Simu yake kubwa imezimwa. Waokoaji wanasema kama ana nyingine ipigwe, wataifuata ikiita. Namba ya ile ndogo sina, unayo wewe. Nakuomba, mama, piga sasa hivi."

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku watoto wakimtazama bila kuelewa. Hatimaye ikapokelewa, katikati ya ngurumo za mashine.

"Nani mwenzangu?" mwanamume akauliza.

"Mke wake."

"Pole sana, dada. Tumeifuata ikiita, ndiyo tukamfikia." Kisha akasema, bila ubaya, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Alikuwa anagonga bomba. Tunamsikia, ila hatujui yuko upande gani. Ameacha kugonga sasa hivi tu."

"Una uhakika ni yeye?"

"Mama yake amemtambua. Huyu hapa."

Simu ikabadilisha mkono. Mwalimu alisikia mtu akipumua kwa shida.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, na hakukuwa na lawama hata chembe katika sauti yake. "Kwani ule ujumbe wangu hukuuona?"

Picha ya vumbi ilikuwa bado ukutani. Darasa zima lilikuwa likisikiliza.

"Sikuuona, mama," mwalimu akasema.