Jani Nililolivunja

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipata kibarua katika makumbusho moja mjini Washington: kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu. Kila asubuhi nilipanda basi kutoka Temple Hills nilikoishi, mwalimu mzima wa sekondari, kwenda kuchezea gundi kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa na kinyongo, sikatai. Lakini mkataba ulikuwa wa miezi sita tu, na nilitaka sana waongeze.

Siku moja nikaletewa kitawi kutoka milima ya Usambara, kwetu. Kibandiko kilisema ni mti wa ukoo wa mikarafuu na mipera, umeonekana mara moja tu, matunda yake hayajulikani. Bila kufikiri, nikavunja ncha ya jani nikanusa. Ndivyo tulivyolelewa: kuni usiyoijua huifikishi jikoni kabla ya kunusa jani lake, maana moshi wa miti mingine utakutoa machozi siku nzima.

Harufu ilikuwa hafifu, lakini niliijua.

"Wewe!" Mama wa Kikenya niliyefanya naye kazi meza moja alishika kichwa. "Aki umejimaliza. Hiyo wata-notice tu. Ficha haraka!"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaenda kwa bosi, bibi mmoja mkavu kuliko mimea yake, nikakiri: jani nimelivunja, ila mti huu naujua. Uko nyuma ya shamba la mama yangu, na matunda yake tumekula sana.

Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema nilete ushahidi, la sivyo mkataba ukiisha ndiyo basi. Nikaona kibarua kinaota nyasi. Nilikuwa sijafika nyumbani miaka mingi, na huko miti hukatwa kila siku.

Nikamwandikia mama. Baada ya miezi miwili ya roho juu, ikafika bahasha nene. Ndani mlikuwa na tawi lililobanwa katikati ya gazeti, lenye vitunda vitatu vyeusi vilivyosinyaa, na barua: "Mti upo, mwaka huu umezaa mno. Ila mwanangu, huko Marekani hamna matunda mpaka uagize haya ya ndege na watoto?"

Nilipomtafsiria bosi, alicheka hadi akavua miwani. Akasema mkataba wangu utaongezwa, kisha akanipa kalamu na kibandiko kipya nikijaze mwenyewe. Penye nafasi ya mkusanyaji, yaani aliyeuchuma mmea, nikaandika jina la mama.