Gari la Mzee wa Stanmore

Mvua ilinisukuma ndani ya gereji moja mtaa wa Kenton, huku ughaibuni. Mzee mmoja wa Stanmore, mtaa wa jirani, Mhindi aliyehamia kutoka Nairobi na kufiwa na mke, alikuwa ameleta gari lake la miaka ya sabini, limeng'arishwa kama bwana harusi na haliwaki.

"Mzee, gari hizi ndizo za kwanza kupimiwa petroli na kompyuta," fundi alimwambia. "Nyaya zinakaushwa na joto la injini, zinashika kutu, kompyuta inaletewa habari za uongo. Kila wiki unarudi. Nikufungie kabureta isiyohitaji kompyuta, liwake kila asubuhi."

Mzee akafuta boneti kwa leso. "Likiwaka kila asubuhi, kijana, nitakuja kuongea na nani?"

Fundi akawasha birika. Nilimcheka mzee moyoni. Lakini mvua ilikuwa imekatika zamani, na mimi, nisiye na gari, nilipokea kikombe cha pili cha chai.