Msimamizi wa Mchana Aomba Usukani

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi, mtaa wa Kalangalala, mimi niliyewahi kurudisha trela kinyumenyume huku natafuna muwa. Msimamizi wa madereva wao, kibarua wa zamu ya mchana tu, alikuwa akimbembeleza bosi kwa mikono miwili.

“Bosi, nusu siku hainilishii watoto. Nipe udereva, niajiriwe moja kwa moja.”

Bosi akamgeukia dereva mkongwe aliyesimama kando. “Mzee, huyu anafaa?”

Mzee akajikuna kidevu. “Mpe gari leo hii. Ila kile kiti chake cha usimamizi usimpe mtu.”

“Kwa nini?”

“Asubuhi hatusimamiwi na yeyote, bosi, na mizigo ya asubuhi ndiyo inayofika kwa wakati.”

Jamaa akakabidhiwa funguo palepale. Sijawahi kuona cheo kikizikwa kwa heshima namna ile.